Nyasi za Kutazamwa

Melkior alitoka nje asubuhi akiwa amevaa joho lake la kuogea la mtumba, lile la bluu lenye jina la mzungu fulani lililotariziwa kifuani, akakuta rundo la udongo mweusi katikati ya ukoka wake. Rundo lenyewe halikuzidi sahani ya wali. Lakini alivyopiga ukelele, jamani, ungedhani amekuta maiti.

"Mama Victoria! Mama Victoria, hebu njoo hapa!"

Mkewe Beatrice alikuja mbio kutoka zizini, ndoo ya maziwa mkononi, miguu imejaa samadi. Alipofika ukingoni mwa nyasi alisimama palepale, kwa kuwa alikuwa amekatazwa kukanyaga.

"Nini hiki?" Melkior aliuliza, akilinyooshea kidole.

"Fuko huyo, Baba Victoria."

"Fuko? Hapa? Kwangu?"

Ndiyo, kwake. Alitaka aende kwa nani? Ilikuwa Septemba, kiangazi kimekausha Uru nzima, udongo wa vihamba vyote, yale mashamba ya nyumbani, umekuwa mgumu hata jembe linaruka, na ni sehemu moja tu iliyokuwa ikimwagiliwa asubuhi na jioni bila kukosa. Fuko si mjinga. Mjinga alikuwa amevaa joho la mzungu.

"Leta beseni," Melkior aliamuru. "Zoa huu udongo, halafu upanguse nyasi kwa kitambaa chenye maji. Na uangalie usikanyage kwa kisigino."

Beatrice aliweka chini ndoo ya maziwa, akaenda kutafuta beseni. Asubuhi hiyo ng'ombe hakumalizwa kukamuliwa.

* * *

Nyasi hizo zilikuwa za kutazamwa, si za kuliwa. Hilo Melkior alilisema mwenyewe siku ile alipoziteremsha kutoka kwenye pikapu ya kukodi, zimekatwa vipande vipande na mizizi yake, zimefunikwa magunia mabichi. Ng'ombe alikuwa zizini, hatua chache tu, anazinusa. Lakini Beatrice ilimlazimu ashuke hadi tambarare ya Kahe kununua majani na mabua, apande nayo mlima kichwani, shingo imezama mabegani, apite kando ya ukoka wa mumewe kwenda kumlisha mnyama mwenye njaa. Nendeni mkatafute upumbavu mkubwa kuliko huo, mkiupata mniletee.

Na kisa chenyewe ni hiki. Miaka ile kampuni za watu binafsi zilikuwa zimeruhusiwa kununua kahawa, na kila aliyewahi kushika mizani alijiona tajiri mtarajiwa. Melkior alikuwa karani wa kupima kahawa kwenye chama cha ushirika, akapunguzwa kazi, akakaa nyumbani anang'ata kucha. Ndipo akasikia kuna kampuni mjini inatafuta wakala wa Uru. Alishuka Moshi kwa miguu akiwa na suruali aliyoinyoosha mara mbili, akamtafuta meneja mpaka kwake Shanty Town, mtaa wa wenye nazo, akapewa maji ya matunda barazani, na kutoka barazani akauona ukoka. Kijani kitupu, umenyolewa, hauna jani moja la kuliwa na mtu wala mbuzi. Akarudi Uru hana akili timamu.

"Watu wakubwa wanakutambua kwa mbele ya nyumba yako," alimwambia mkewe. Kisha akang'oa mibuni. Ndiyo, mmesikia sawasawa. Mtu aliyetaka uwakala wa kahawa aling'oa kahawa ya baba yake ili apande majani ya kumfurahisha mnunuzi wa kahawa. Migomba ya mama yake iliyokuwa mbele ya nyumba ikafuata. Vibarua wakafika kwenye kaburi la baba, Melkior akawaambia walizunguke, akalivika vigae vyeupe vya bafuni vilivyobaki kwa fundi mmoja wa mjini. Ubavuni mwa kaburi palikuwa na kipande cha ardhi kilichozungushiwa isale, ule mmea ambao Mchagga huupanda mpakani na makaburini, na hakuna anayeugusa ovyo. Aliung'oa huo pia. Kipande hicho kilikuwa mahali pa mama yake.

Mama Mektrida alipachagua mwenyewe siku waliyomzika mumewe. Alipanda isale kwa mkono wake, mbele ya padre na ukoo, akasema hapa ndipo nitakapolala. Sasa moyo ulikuwa umechoka na miguu imevimba hadi viatu vilikataa kuingia. Daktari wa misheni alikuwa amemwambia ale bila chumvi, na kwa namna alivyolisema, kila mtu alielewa kuwa mvua za masika huenda asizione. Hakuwa akiogopa. Alitaka kitu kimoja tu duniani, na kitu hicho mwanawe alikuwa amekipandia ukoka.

* * *

Mchana wa siku ile ya rundo la kwanza, bibi kizee alikaa kwenye kigoda mlangoni, fimbo katikati ya magoti, akimtazama mwanawe anavyozungukazunguka nyasini miguu mitupu.

"Mwanangu, mahali pangu utanirudishia lini?"

"Mama, hilo tulishalizungumza."

"Ulizungumza wewe. Mimi nilikuwa nakohoa."

"Kule nyuma ya zizi ni pazuri, Mama. Pana kivuli. Nitakuwekea tarazo, tena na picha yako ndani ya kioo. Uru nzima hakuna mwanamke aliyewahi kulala kwenye tarazo."

"Nyuma ya zizi mnamwaga mkojo wa ng'ombe."

"Tutahamisha mkojo."

"Hamisha nyasi."

Melkior alicheka kile kicheko cha mtu anayezungumza na mtoto. "Mama, meneja anakuja Jumapili ya tatu kutoka leo. Anakuja kuona mimi ni mtu wa namna gani. Nikipata huu uwakala, hata wewe utatibiwa KCMC chumba cha peke yako."

"Sijakuomba chumba. Nimekuomba shimo."

"Na baba yenu nilimwahidi nitalala ubavuni mwake," aliongeza bibi kizee, lakini Melkior alikuwa amekwishapiga magoti kukagua nyasi, makalio juu, joho limempanda mgongoni.

Huku kwetu kitinda mimba ndiye anayerithi nyumba ya baba, na pamoja na nyumba anamrithi mama. Ndiyo desturi. Melkior nyumba aliipokea kwa mikono miwili. Mama akampokea kwa ncha za vidole.

* * *

Asubuhi ya pili marundo yalikuwa mawili. Wiki ilipokwisha hakuna aliyehesabu tena. Yalipanga mstari kutoka getini hadi kaburini, mengine mapya na yana unyevu, mengine yamekauka na kumwagika, na katikati yake ukoka ulianza kufa kwa mabaka ya njano, mizizi imekatwa kwa chini. Ukilivuta jani linakuja lenyewe mkononi.

Melkior alishuka mjini, kwenye duka la pembejeo la Ally karibu na soko, akanunua sumu. Ally, mtu wa mjini asiye na shida na fuko wala ukoka, alimwelekeza achanganye na vipande vya viazi vitamu, avisukumize ndani ya mashimo. Melkior hakuwa mtu wa kuchafua mikono hadi kiwiko. Alivimwaga juu juu, akaenda kulala. Fuko hawakuvigusa. Kuku wa Beatrice walivigusa, wote, na jogoo wao.

"Kuku wangu, Baba Victoria," Beatrice alisema, amewalaza mstari kwenye gunia. Mayai ya kuku hao ndiyo yaliyokuwa sabuni na chumvi ya nyumba.

"Kuku hawakutakiwa kuwa huku mbele."

"Na ungeniambia kwamba umetega sumu?"

"Sasa nikupe ripoti? Wewe ni bodi ya wakurugenzi?"

Beatrice aliwazika kuku kwenye migomba iliyobaki nyuma ya nyumba ili mbwa wasiwafukue, kisha akarudi, akachukua mkasi wa cherehani, akapiga magoti kukata nyasi za ukingoni zilizozidi urefu, kwa kuwa hiyo nayo ilikuwa kazi yake. Mwanamke mwenye kidato cha nne, jamani, ananyoa ardhi kwa mkasi.

Siku nyingine Melkior alichoma pilipili na matambara yenye mafuta ya taa mdomoni mwa shimo, apulize moshi uingie. Moshi ulikataa kuingia ardhini, ukaingia nyumbani. Mama Mektrida alikohoa mpaka jioni, ikabidi apelekwe kulala jikoni. Majirani walisimama nje ya uzio wakiuliza kwa upole wa kinafiki kama kuna msaada unaohitajika. Kanisani ikawa ndiyo salamu. "Melkior, wageni wako wa chini hawajambo?" Na yeye, badala ya kucheka yaishe, alikuwa anavimba shingo na kuzungumza juu ya wivu wa watu wa kijijini, wasiopenda maendeleo ya mwenzao.

* * *

Kaka yake mkubwa aliitwa Basili. Kihamba chake kilikuwa chini ya cha Melkior, kimetenganishwa na kingo ya udongo yenye urefu wa mtu, na msije mkadhani huyu alikuwa afadhali. Basili alikuwa mtu wa mbege, ile pombe ya ndizi, asubuhi na jioni, na tangu siku nyumba ya baba ilipokwenda kwa mdogo wake, hakuwahi kuumwa na jambo lolote lililotokea ndani yake. Mama Mektrida alimwendea kwa miguu yake iliyovimba, akishuka njia kwa kukaa na kusota.

"Zungumza na mdogo wako, Basili. Wewe ndiye mkubwa."

"Mama, mimi ni mkubwa wa nini? Nyumba alipewa yeye. Na wewe ulipewa yeye."

"Mimi si debe la kahawa nikapewa mtu."

"Desturi, Mama. Si maneno yangu." Akapiga funda la mbege, akafuta mdomo. Huyo naye alimwacha mama yake apande kilima peke yake, kisha ndipo aibu, au pengine hamu ya kumwona ndugu yake anapiga magoti, ikamwinua.

Alimkuta Melkior kasimama katikati ya marundo, mikono kiunoni.

"Melkior, fuko wanategwa. Fito, kamba, na mtu mwenye subira. Siku chache tu wamekwisha, baba alikuwa anafanya, na mimi naweza."

"Haya, fanya."

"Nafanya. Lakini kwanza panda isale ya mama pale ilipokuwa. Leo, mbele yangu."

Jambo lilikuwa rahisi kiasi hicho. Mche mmoja wa isale, jembe moja, na nusu ya matatizo ya mtu huyu yalikuwa yanaisha kabla ya chakula cha mchana. Lakini maskini akipata, matako hulia mbwata.

"Mimi niwekewe masharti na mlevi?" Melkior alisema. "Ndani ya uwanja wangu? Niweke kaburi mbele ya sebule, mgeni akae anakunywa soda anatazama kaburi?"

"Mbona la baba analitazama?"

"La baba lina vigae."

Basili aligeuka, akavitazama vile vigae vya bafuni. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akashika mti, akaondoka zake akishuka kilima anacheka. Alikuwa amepata alichokifuata. Mama yake, aliyekuwa anasikiliza mlangoni, hakuwa amepata kitu.

* * *

Jumapili ya mgeni ilifika na marundo yake. Bwana Ronald, meneja wa kampuni, alikuwa ametuma salamu kwamba atafika baada ya misa, ale chakula cha mchana, aone eneo. Beatrice alikuwa amekwisha kumenya ndizi za machalari na kuunga nyama kabla ya kengele ya kwanza. Melkior alisema tumbo linamsumbua, haendi misani.

"Tumbo gani?" Beatrice aliuliza.

"Tumbo. Nendeni, mtachelewa."

Walitoka taratibu, Mama Mektrida akimwegemea mkaza mwanawe, wanapumzika kila penye jiwe. Walipopotea kwenye kona, Melkior alivua viatu, akachukua jembe, akapanda hadi kwenye mfongo.

Mfongo ni mfereji uliochimbwa na mababu, unaoteremsha maji ya mto vihambani, na una sheria zake. Kila nyumba ina zamu yake. Jumapili haina zamu ya mtu: maji yanaachwa yaende chini kwa wote, wanyama wanywe, watu wa chini nao wachote. Anayevunja hilo anatozwa pipa la mbege na kusemwa mbele ya watu wote. Melkior alikuwa na miaka hajaonekana kwenye siku ya kuzibua mfongo. Alikuwa akimtuma Beatrice na sururu. Sasa aliziba njia ya maji kwa mawe na magogo ya migomba, akayageuza yote, mfongo mzima, yaingie kwenye ukoka wake.

Na yaliingia. Loo, alifurahi! Maji yalifika kwenye shimo la kwanza yakazama, la pili yakazama. Hakuna hata tone lililotuama juu. Alileta kiti cha plastiki, akawasha rediokaseti, akakaa miguu imekunjwa nne anasikiliza jinsi ardhi inavyomeza. "Kunyweni," aliwaambia fuko. "Kunyweni, mbwa ninyi." Misa ya Uru si fupi, hasa ikiwa na matangazo, na muda wote huo mfongo ulikuwa ukiingia tumboni mwa uwanja wake.

Hakujiuliza maji yanakwenda wapi. Amezaliwa mlimani, amekulia mlimani, amefundishwa na mlima wenyewe kwamba maji hayakai mahali. Lakini kichwa kikijaa ukoka, nafasi ya kitu kingine inatoka wapi?

Kishindo hakikuwa kikubwa. Kwanza vigae vilipasuka, kimoja kimoja. Kisha msalaba uliinama taratibu kuelekea bondeni, saruji ya chini yake ikakatika katikati, na kaburi la baba yake likadidimia. Upande wa chini kingo ilimeguka, tope likaporomokea kwenye magimbi ya Basili, na maji yaliyokuwa yamepotea yakatokea huko yote kwa pamoja. Pale palipokuwa na vigae vyeupe pakabaki shimo jeusi, na ndani yake kona ya mbao iliyooza.

Melkior alisimama. Kwa kitambo kidogo alikuwa mtoto wa baba yake, na huenda angelia. Kisha akasikia kengele za kumaliza misa, akakumbuka mgeni.

Alikimbilia ghalani, akatoa turubai la kuanikia kahawa, akalifunika kaburi. Akaweka mawe pembeni. Halafu, na hapa ndipo mimi mwenyewe nashindwa la kusema, akabeba makopo ya maua ya mkewe kutoka barazani, akayapanga juu ya mawe hayo ili papendeze.

* * *

Bwana Ronald alifika na gari la kampuni, mtu wa makamo, kitambi kimeanza, shati la mikono mirefu. Alikuwa Mchagga wa Old Moshi, jambo ambalo Melkior katika mahangaiko yake yote hakuwahi kuliuliza. Alichokuwa ameona Shanty Town ni baraza na nyasi tu. Aliteremka, akaupita ukoka bila kuutazama, akaenda moja kwa moja kwenye kigoda cha bibi kizee aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi, anapepewa na Beatrice.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Huko utokako hawajambo?"

"Hawajambo, Mama, tunashukuru. Na Mzee yuko wapi?"

"Mzee ametangulia."

"Poleni sana. Amelala wapi, nimsalimie kwanza?"

"Aa, bosi, tule kwanza!" Melkior alirukia. "Chakula kitapoa. Mzee hana haraka, ha ha! Mama Victoria, maji ya kunawa!"

Mama Mektrida alikuwa amekwishanyanyuka. "Njoo nikuonyeshe," alisema, akatangulia na fimbo yake. Alipoliona turubai alisimama. Akamgeukia mwanawe. Melkior alikuwa anatazama viatu vyake.

"Umemfunika baba yako kwa nini?"

"Ni... nilikuwa nataka kumpaka rangi, Mama."

Bibi kizee alitia fimbo chini ya turubai, akalivuta. Kopo la maua lilibingirika likaanguka shimoni, na likasikika lilipogonga mbao.

Hapo hapo Basili akatokea bondeni, tope hadi mapajani, jembe begani, nyuma yake majirani waliotoka misani na nguo zao za Jumapili. "Nani amefungulia mfongo?" alikuwa anafoka. "Nani amefungulia mfongo Jumapili? Magimbi yangu ..." Akaliona kaburi. Akavua kofia. Rediokaseti, ambayo Melkior alikuwa amesahau kuizima, iliendelea kuimba.

"Ulikuwa unamwagilia nini?" Bwana Ronald aliuliza mwishowe, kwa sauti ya chini.

"Fuko, bosi. Nilikuwa nawaua fuko."

"Fuko."

"Wanaharibu ukoka. Nilitaka ukifika ukute pazuri."

Meneja ndipo alipotazama nyasi, kwa mara ya kwanza. Alitazama mabaka ya njano na marundo, akatazama huku na huku kama mtu aliyedondosha kitu.

"Na kahawa yako iko wapi?"

Jirani mmoja alikohoa kicheko chake kiganjani. Bwana Ronald alingoja jibu kwa adabu, kisha akatoa noti mfukoni, akaifumbatisha mkononi mwa bibi kizee kwa mikono yake miwili, akarudi alipo Melkior na kumpa mkono.

"Pole kwa msiba," alimwambia. Akapanda gari. Machalari yalibaki kwenye sufuria, na habari za uwakala hakuna aliyezisikia tena.

* * *

Kaburi halilali wazi. Basili, ambaye pombe ilikuwa imemtoka yote, alisema lifukiwe kabla ya jua kuzama, saruji itafuata baadaye. Wanaume walikuwa wamekwisha kukunja suruali zao za Jumapili. Swali likawa udongo. Tope la bondeni lilikuwa uji, halishikiki.

"Nyuma ya zizi," Melkior alisema. Bado alikuwa anapanga. "Tuchimbe nyuma ya zizi, tubebe kwa ndoo. Tukipita ukingoni hatutaharibu sana."

Watu walitazamana. Hata pale. Hata wakati ule, jeneza la baba yake liko juani, yeye bado anayaonea majani huruma.

"Udongo uko hapa," alisema Mama Mektrida.

Alimpa Beatrice fimbo yake. Akavua kandambili, akaingia kwenye ukoka, hatua baada ya hatua, hadi ubavuni mwa shimo. Akashuka kwa magoti, kwanza moja, kisha jingine, akijishikilia ardhini. Kisha akalala. Alilala chali, amejinyoosha, kitenge amekivuta kikafunika miguu, rozari kifuani, kichwa sambamba na kichwa cha mumewe.

"Mae!" mwanamke mmoja alipiga ukelele. Wengine walishika vinywa. Beatrice alikimbia kumwinua, akikanyaga nyasi kwa miguu yote miwili bila kukumbuka kama kuna katazo.

"Usiniguse, binti yangu. Sijafa. Melkior, lete jembe. Nipime."

"Mama, inuka, nakuomba. Watu wanatutazama."

"Nipime nikiwa hai, maana nikifa utanipeleka kwenye mkojo."

"Mama Mektrida," mzee mmoja wa ukoo alisema, "mtu hachimbiwi kaburi akiwa anapumua. Ni mkosi huo."

"Basi asichimbe lote." Alikuwa anazungumza huku akitazama juu, bila hasira, kama anayegawa kazi za siku. "Achimbe kina cha magotini. Udongo huo unamtosha baba yake. Kutoka magotini kwenda chini atamalizia siku yenyewe. Wala sitamweka sana."

Basili ndiye aliyemtilia ndugu yake jembe mkononi. Safari hii hakucheka. Mwenye nyumba ndiye anayepiga jembe la kwanza, na mwenye nyumba alikuwa Melkior, alikuwa amelipigania jina hilo miaka yote.

Alianzia kichwani. Ncha ya jembe ilipasua ukoka, mizizi ikakatika kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa. Akapita begani, akashuka ubavuni, machozi yanamdondoka puani na yeye hana mkono wa kufutia, majirani wamesimama pande zote. Alipofika miguuni, mkono wake wenyewe ulikunja kona mapema, akapitisha mstari karibu kabisa na nyayo za mama yake.

Bibi kizee alinyanyua kichwa kutoka ardhini, akatazama.

"Umenibania miguu," alisema. "Ongeza."

Melkior alirudisha jembe nyuma, akaongeza.